Uji Usio na Karanga

Katika jiko la hospitali yetu hakuna aliyepima chakula kama Mizani. Jina hilo tulimpa sisi wauguzi, likamkaa kiasi kwamba hata kwenye orodha ya zamu mtu aliliandika na hakuna aliyejisumbua kulifuta. Alikuwa mpishi wa chakula cha wagonjwa maalumu: wa kisukari, wa figo, na watoto wenye mzio. Ukimwambia gramu tano za kitu, anachota kwa kijiko, anakitazama kidogo, anakiweka juu ya mizani ya umeme, na namba inayotokea ni tano. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na katika miaka yote hiyo namjua kwa kosa moja tu. Na hata hilo halikuwa kosa, kusema kweli. Alifanya makusudi.

Mimi wakati huo nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mzio wa watoto. Kazi yangu ilikuwa kuchoma ngozi. Unaweka tone la maji ya karanga kwenye mkono wa mtoto, unachoma kidogo katikati ya tone, unasubiri robo saa, kisha unapima kipele kwa rula. Kipele kikifika milimita tatu, mama anarudi nyumbani na kutupa kila chenye karanga. Nilifika mahali nikawa nawatambua watoto kwa mikono yao kabla ya nyuso.

Mizani alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, mtaalamu wa maabara, ambaye chumba chake kilikuwa ghorofa moja juu ya jiko. Kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyezaliwa mwisho, nasi tukafuata hivyo hivyo.

Ndugu hawa walifanya mtihani mmoja wa kuingia chuo cha maabara, kwa miaka tofauti. Mizani aliufanya mara mbili na kukosa mara mbili, mara ya pili kwa alama tatu. Akaenda kusomea upishi. Miaka minne baadaye Kitinda akaufanya mara moja akapita, tena alisomea madaftari ya dada yake, yale yale yenye mistari ya wino mwekundu chini ya mambo muhimu. Siku matokeo yalipotoka, Mizani alimkumbatia mdogo wake, akampikia, akamshonea hata mkoba wa kwendea chuoni. Halafu akaingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike.

"Sikulia kwa sababu amepita," aliniambia miaka mingi baadaye. "Nililia kwa sababu madaftari yalikuwa yangu."

Kama Kitinda angekuwa na maringo, mambo yangekuwa rahisi. Mtu mwenye maringo unamsema pembeni, roho inatua. Lakini Kitinda alikuwa mwema. Kila asubuhi alipitia dirisha la jikoni, anapiga hodi, anauliza, "Dada, umeamkaje? Mgongo vipi?" Siku ya kuzaliwa ya dada yake alimletea koti lake la maabara, lililokuwa bado jeupe, kwa sababu alikuwa amepewa jipya. "Litakukinga na mafuta," alisema. Mizani alishukuru, akalikunja vizuri, akalitia kwenye kabati lake la nguo za kazi chini kabisa, na hakulivaa hata siku moja.

Halafu kulikuwa na mama yao. Mama huyo alipokuja hospitalini kupima shinikizo la damu, aliingia kwa mlango wa nyuma ulio karibu na jiko, akasema "hamjambo humo" bila kusimama, akapanda ngazi kwenda maabara. Huko alikaa saa nzima kwenye kiti cha magurudumu cha Kitinda, akionyeshwa mashine. Kwa majirani alisema, "Mwanangu yuko maabara ya hospitali kubwa." Akiulizwa yule mkubwa, alijibu, "Naye yuko huko huko." Mizani aliyabeba maneno hayo mawili, huko huko, kama mtu aliyeingiwa na kokoto kwenye kiatu na hana pa kukaa avue.

Mwaka ule daktari wetu mkuu wa mzio alianzisha utafiti. Alituita sote, akatupanga kwenye viti, akaeleza kwa utaratibu wake, maana alikuwa mama mtulivu asiyependa mtu aondoke hajaelewa.

"Tuna vipimo vitatu vya mzio wa karanga," alisema. "Cha ngozi. Cha damu cha siku zote. Na cha damu kipya, ambacho hakitafuti kingamwili za karanga nzima bali za protini moja tu ndani ya karanga, ile inayoleta balaa zaidi. Nataka kujua kipi kinasema kweli. Na njia ya kujua ni moja: mtoto ale, sisi tukimtazama, dawa ikiwa mkononi. Kula ndiko kutakakohukumu vipimo vyote."

Akageuka kwa Mizani. "Kwa hiyo wewe ndiye hakimu wetu."

Mizani alinyoosha aproni yake magotini.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mtoto angekuja siku mbili. Siku moja angekula uji wa kakao na ndizi uliotiwa unga wa karanga, siku nyingine uji ule ule uliotiwa unga wa shayiri, na ladha zisitofautike. Vikombe saba kila siku, kila kimoja baada ya dakika ishirini, cha kwanza kikiwa na unga wa kujaa ncha ya kisu na cha mwisho kijiko kilichojaa. Siku ipi ni ya karanga ilisemwa na karatasi iliyofungwa kwenye bahasha kutoka ofisi ya utafiti, na aliyeifungua ni Mizani peke yake. Mimi sikujua, mama wa mtoto hakujua, hata daktari hakujua, ili tusije tukaona upele usiokuwepo kwa sababu tunautarajia. Majibu ya damu nayo yalifungiwa maabara hadi mtoto amalize siku zake mbili.

Mizani alichukua wiki nzima kuutafuta uji wake. Alituonjesha sote tukiwa tumefumba macho, na hakuna aliyepatia. Siku hizo alitembea tofauti. Aliomba chumba kidogo cha pembeni ili vumbi la karanga lisiingie kwenye chakula kingine, akapewa. Daktari alimpigia simu mwenyewe. Kwa mwezi mmoja, watu wa ghorofa ya juu walishuka kumngoja yeye.

Kisha matokeo yakaanza kufunguliwa, na mimi ndiye niliyeaibika wa kwanza. Katika watoto kumi na wanane wa mwanzo, rula yangu ilikuwa imewatia hatiani kumi na watatu. Walipokula, wenye mzio wa kweli walikuwa sita. Sikumkosa hata mmoja katika hao sita, lakini saba nilikuwa nimewanyima karanga bure. Damu ya siku zote ilikuwa na hofu kuliko mimi, iliwataja kumi na wanne. Kile kipimo kipya cha Kitinda kiliwataja sita, na sita hao ndio waliovimba.

Daktari alituonya kwamba watoto kumi na wanane ni wachache, lakini uso wake ulikuwa unang'aa. "Tukiendelea hivi," alisema, "wengi hatutahitaji kuwalisha kabisa. Tone la damu linatosha." Wiki hiyo jarida la hospitali likatoka na picha ya Kitinda kando ya mashine. Picha nyingine ndogo ilionyesha mtoto akila uji. Wa Mizani ulionekana mkono tu, hadi kifundo.

Mizani alilitazama jarida hilo kwenye meza ya chai, akaligeuza kifudifudi, akaweka kikombe juu yake.

Mtoto wa kumi na tisa alikuwa binti wa miaka sita, wa mama mmoja fundi cherehani. Akiwa mdogo aliwahi kula biskuti dukani akatoka vipele mwili mzima, na tangu hapo mama yake alimfungashia chakula hata akienda kwa bibi yake. Nilimchoma, kipele kikafika milimita nane. Lakini kipele changu hakikumtisha mtu tena.

Siku iliyotangulia uji wa kwanza wa binti yule, Kitinda alishuka kula chakula cha mchana na dada yake. Hakutakiwa kusema majibu, lakini aliyekuwa mbele yake ni dada yake, na furaha ilimzidi.

"Huyu wa kesho yuko wazi kabisa, dada," alisema. "Sijaona namba ya juu kama yake. Utaona mwenyewe."

"Mm," alisema Mizani.

"Daktari anasema tukimaliza ataniandikia barua niende kusoma zaidi. Na wewe utapumzika na huu uji. Kila siku umeinamia mizani na mgongo wenyewe ndio huo. Nitakupumzisha, dada."

Alisema kwa upendo. Mizani aliniapia kwamba alijua ni upendo, na kwamba hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mdogo wake alikuwa amekuja na habari njema mbili, na zote mbili zilikuwa zinamwondoa yeye pale chumbani.

Asubuhi iliyofuata alifungua bahasha. Karatasi ilisema siku ya kwanza ni ya karanga. Alipima unga wa karanga katika sehemu saba, kwa uangalifu wake wa kila siku. Akazitazama. Kisha akazirudisha zote kwenye kopo, moja baada ya nyingine, akafuta sahani, akapima sehemu saba za shayiri. Kwenye fomu akaandika: karanga. Siku ya pili akapika shayiri kama ilivyotakiwa.

Binti alikula vikombe vyote kumi na vinne akiimba. Mama yake alikaa kando na pini za kushonea bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni, akimtazama mwanawe midomo bila kupepesa. Hakikutokea kitu.

Daktari alipofungua karatasi na majibu ya damu pamoja, aliyalinganisha mstari kwa mstari. Akamwita Kitinda.

"Huyu amekula karanga siku ya kwanza, yuko salama. Wewe unasema ana mzio mkali."

"Nitarudia," alisema Kitinda.

Akarudia mara tatu. Namba ilikuwa ile ile. Alikagua kama chupa za damu zimebadilishana, akaita fundi wa mashine, akaandika barua kwa waliotengeneza kipimo. Nilikutana naye kwenye ngazi amebeba faili kifuani, akaniuliza kama niliwahi kuchanganya majina ya watoto hata siku moja.

Nami niseme ukweli wangu. Sikusikitika sana. Nilijiambia, karibu kwenye benchi la wanaokosea, mwanangu. Nilishuka jikoni na kumpa Mizani habari, na alinimiminia chai akaongeza maziwa bila kuombwa, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Alikuwa mchangamfu. Alinisimulia kisa cha mgonjwa aliyeficha samaki wa kukaanga ndani ya soksi, tukacheka hadi mpishi mwenzake akachungulia. Baadaye aliniambia kwamba mchana ule mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa msichana, na kwamba alikuwa hajafikiria hata kidogo yatakayofuata.

Yaliyofuata yalikuja siku ya pili yake, saa sita na nusu. Daktari alikuwa amemwambia fundi cherehani kwamba bado kuna hatua moja: Jumatatu binti aje ale karanga wazi wazi, mbele yetu, ndipo aruhusiwe. Lakini mama huyo alikuwa amebeba hofu miaka minne, na Jumatatu ilikuwa mbali. Alikuja kwenye dirisha la jikoni akimshika binti yake mkono.

"Wewe ndiye mama mpishi?" aliuliza. "Nimekuja kukushukuru. Nilikuwa nanusa kila sahani ya mtoto huyu kama mbwa wa polisi."

Binti aliinua kopo la siagi ya karanga alilokuwa amelikumbatia, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha ili Mizani alione.

"Daktari amesema tungoje," mama aliendelea, akipunguza sauti, "lakini kaka zake wamemsubiri. Mchana huu huu tukifika anakula mkate kama wenzake."

Mizani alitoa mkono dirishani, akalishika kopo.

"Niachie hili," alisema.

Yule mama alicheka, akidhani ni utani. "La kwako nitakuletea lingine."

"Mama, niachie. Mtoto hajala karanga. Uji wake haukuwa na karanga, siku zote mbili."

"Karatasi imesema alikula."

"Karatasi niliandika mimi."

Binti akavuta kopo upande wake, Mizani akalivuta upande wake, na mama akabaki anawatazama. Kisha Mizani alizunguka akatoka kwa mlango wa jiko na aproni yake, kopo mkononi, akawaambia wamfuate.

Nilikuwa chumbani kwa daktari walipoingia. Mizani alisimama, hakukubali kiti. Alisema aliyofanya kwa sentensi mbili.

Daktari alivua miwani. "Ulikosea kusoma karatasi," alisema. "Siku zile kazi zilikuwa nyingi. Zilikuchanganya."

Kwa namna alivyosema, lilikuwa swali na pia lilikuwa mlango ulioachwa wazi. Mimi moyoni nilikuwa namwambia, pita hapo, mama, pita. Wakati huo Kitinda alikuwa ameingia na faili lake, amesimama nyuma ya mlango.

"Hapana, daktari," alisema Mizani. "Nilisoma vizuri. Nilitaka kipimo cha mdogo wangu kionekane kibovu."

Fundi cherehani alimvuta binti yake, akambana mapajani kwake.

"Nilirudia mara tatu," Kitinda alisema taratibu. "Nilidhani mimi ndiye mbovu, dada. Jana nilianza kuandika barua ya kuacha kazi."

Mizani aligeuka, lakini mdogo wake alikuwa ameshaweka faili juu ya kiti na kutoka.

Binti alirudishwa baada ya wiki tatu, uji ukipikwa na mtu mwingine. Katika siku ya karanga, kwenye kikombe cha nne, alianza kujikuna shingo. Midomo ikafura, sauti ikakwaruza, akatapika. Daktari alimchoma sindano ya dharura pajani, na baada ya dakika kumi na tano alikuwa anauliza viatu vyake viko wapi. Mama yake alilia baada ya hatari kupita, si ilipokuwepo.

Mizani alikuwa amekatazwa kukanyaga kliniki. Alinisubiri chini ya ngazi.

"Kikombe cha ngapi?" aliuliza.

"Cha nne."

Akahesabu kimoyomoyo, nikaona midomo yake inatembea. "Kwenye mkate angepakwa mara ishirini ya hiyo," alisema. "Na nyumbani hakuna sindano." Akakaa kwenye ngazi ya mwisho. Nilikaa naye.

Kamati ya nidhamu ilimsimamisha kazi miezi mitatu, kisha ikamrudisha kwenye jiko kubwa, la sufuria za wagonjwa mia mbili, ambako chumvi inatupwa kwa kiganja na hakuna anayepima gramu. Wengi walisema ameponea chupuchupu, na ni kweli. Vilivyomwokoa ni miaka yake kumi na tisa na lile kopo alilolishika mwenyewe dirishani. Fundi cherehani hakumsamehe na hakuficha. Kila akija kliniki alipita upande wa pili wa korido.

Mama yao alipata habari, akaja. Safari hii alisimama jikoni.

"Nilikukosea wapi?" alimuuliza Mizani.

"Miaka yote unapita mlangoni kwangu kwenda kwake."

Mama alifikiri. "Kwako nilikuwa naona nimefika nyumbani," alisema. "Huko juu ndiko nilikokuwa mgeni, ndiyo maana nilikuwa nakaa."

Mizani aliponisimulia maneno hayo alikuwa anamenya viazi. "Sijui kama ni kweli au aliyatunga palepale," alisema. "Mama yangu ana akili." Lakini tangu siku hiyo mama yake alikuwa anaanzia jikoni, anapewa kiti kando ya mlango, na Mizani hakukataa.

Kitinda hakusema na dada yake kwa miezi mitano. Alipita dirishani bila kupiga hodi. Siku aliyorudi, utafiti ulikuwa umekwisha kwa watoto sitini, na alikuja na karatasi mkononi. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuomba maji ya moto.

"Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu," alisema. "Kipimo changu kimekosa watoto wawili. Damu ilisema hawana kitu, na uji ukawavimbisha. Katika wote ndicho kilichopatia zaidi, lakini daktari anasema hawezi kuacha kuwalisha wale wenye mashaka."

Mizani alifunika sufuria. Nilijua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria: angengoja tu, kipimo kingekosea chenyewe, bila msaada wake, na jiko lake lingebaki.

"Wawili tu?" alisema.

"Wawili."

"Basi ni kizuri." Ilimchukua muda kulitoa neno hilo. "Umekula?"

"Bado."

Akampakulia. Kitinda alikula amesimama, kisha akakaa. Hawakuzungumza mengine siku hiyo, ila kuhusu mgongo.

Miezi kadhaa baadaye Kitinda aliondoka kwenda masomoni, na mwaka uliofuata ripoti ya utafiti ikachapishwa. Nilishuka nayo jiko kubwa kumwonyesha Mizani. Alifuta mikono, lakini hakuichukua.

"Jina lake liko la kwanza?" aliuliza.

"La pili. La kwanza ni la daktari."

Aliitikia kwa kichwa. Nikaona amefurahi kidogo kwamba si la kwanza, naye akaona kwamba nimeona, akacheka kwa aibu na kuniambia nisimwambie mtu. Kisha akaichukua ripoti, akavaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza, akisimama kila penye hesabu kuniuliza kama nimeielewa, maana yeye alikuwa ameielewa.